Wenye wazee nyumbani: bibi aliangushwa na sakafu, sisi tukammalizia na kiti

#1 Mjukuu wa Ngamiani (mleta uzi)

Wanajamvi, habari za usiku. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu. Ila kama una mzee ndani ya nyumba, vuta kiti. (Hicho kiti nacho tutakisema.)

Bibi yetu ana miaka 78. Tunaishi Ngamiani, Tanga mjini, kwenye zile barabara za namba, nyumba ya Kiswahili: vyumba huku na huku, ukumbi katikati, choo uani. Mwaka jana, saa nane usiku, alitoka kwenda kujisaidia. Umeme ulikuwa umekatika. Kandambili alizovaa si zake, ni za mjomba, zimemzidi. Kufika kwenye kizingiti cha uani hakuunyanyua mguu vya kutosha, akaenda chini na mkono wa kulia mbele.

Alikaa pale chini mpaka adhana ya alfajiri. Saa tatu nzima. Si kwamba hakuita. Sauti ilimtoka ndogo, akachukua kopo la kutawadhia akawa anagonga ndoo. Mimi mwenyewe niliisikia ile ko, ko, ko. Nikajua paka. Nikageukia ukutani nikalala.

Hospitali wakakuta mkono umevunjika kwenye kifundo, plasta wiki 6. Nyonga salama, alhamdulillahi. Tukarudi nyumbani tunashukuru, na hapo ndipo makosa yalipoanza, tena makosa ya mapenzi.

Kikakaliwa kikao. Shangazi wa Makorora akatoa hoja na wote tukaipitisha: bibi asiguse kazi tena. Mbuzi ya kukunia nazi ikafichwa uvunguni. Ufagio marufuku. Ndoo ya haja ndogo ikawekwa chumbani. Akanunuliwa kiti cha plastiki chenye mikono, anatolewa barazani asubuhi na kurudishwa ndani magharibi kama mkeka wa kuanikia udaga. Hata sala tukamwambia aswali kitini. Mtoto mdogo wa nyumba kazi yake ikawa moja, "mshike bibi mkono". Majirani wakatusifu: hawa wanamtunza mama yao.

Miezi minne. Plasta ilishatoka zamani. Mwanamke aliyekuwa akienda soko la Mgandini kwa miguu na kurudi na kikapu, sasa hainuki kitini mpaka avutwe. Akitembea anaburuza nyayo, anapapasa ukuta. Akaanza kukataa maji kuanzia alasiri ili asiende chooni usiku. Halafu akaanguka tena, safari hii mchana kweupe, ukumbini, hakuna giza, hakuna kizingiti, hakuna utelezi. Aligeuka tu kumwangalia mtoto aliyemwita.

Siku chache baadaye alipita dada mmoja wa fiziotherapia, kaja kumfanyisha mazoezi jirani aliyepata kiharusi. Akamwona bibi barazani, akamwambia, "Bibi, kunja mikono kifuani, kisha simama." Bibi akajaribu mara tatu, mara tatu akarudi kitini. Yule dada akatugeukia sisi: "Huyu hajazeeka kwa miezi minne. Mmemkalisha."

Naomba tuzungumze. Nani kaangukiwa na jambo hili nyumbani kwake, na mlifanyaje?

#2 Chumvi ya Tongoni

Pole mkuu. Ila tusidanganyane, uzee ni uzee. Miguu ya miaka 78 unataka icheze mdumange? Bibi yangu mimi alikaa kitini mpaka Mungu alipomchukua na hakulalamika.

#3 Baharia Mstaafu

Mimi nasimulia kwa uchungu. Ami yangu, Pangani, aliteleza kwenye ngazi ya msikiti. Akawa hawezi kukanyaga, mguu wa kushoto umekuwa mfupi kuliko wa kulia na unyayo umegeukia nje. Kila mtu mwenye macho aliona. Lakini tukamwita mtu wa kuchua, sifa zake kubwa, akaja na mafuta ya nazi na karafuu. Akamchua siku kumi na nne. Mzee analia, tunaambiwa mshipa unarudi.

Kupiga picha ya eksirei, kumbe nyonga imevunjika tangu siku ya kwanza. Siku kumi na nne tulikuwa tunasugua mfupa uliovunjika! Ami hakutembea tena. Alipata kidonda cha mgongoni, kisha kifua, na hakumaliza mwaka.

Sina vita na wachuaji. Mgongo wangu mwenyewe huwapelekea. Ila mguu ukifupika na kugeukia nje, ni gari, si mafuta.

#4 Fizio wa Pwani

Nakazia alichosema Baharia. Mguu mfupi uliogeukia nje baada ya kuanguka ni dalili ya kuvunjika nyonga mpaka eksirei iseme vinginevyo. Usimsimamishe, usimvute mguu. Mlaze, uutegemeze mguu na mito kama ulivyo, tafuta usafiri wa kumbeba akiwa amelala. Bajaji haifai.

Na kichwa. Mzee akijigonga kichwa akaonekana mzima, msifunge faili. Damu inaweza kuvujia ndani taratibu, dalili zikaja baada ya siku au hata wiki kadhaa: usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa maneno, kichwa kuuma, upande mmoja kulegea. Hatari inazidi kwa anayetumia dawa za kufanya damu isigande.

Sasa mleta uzi. Nina maswali kabla sijasema lolote. Bibi ana sukari? Macho yake vipi? Anameza dawa gani, na saa ngapi?

#5 Mjukuu wa Ngamiani

Sukari ana miaka kama 15. Jicho moja lina mtoto wa jicho, aliambiwa arudi, hakurudi. Presha anayo, anakunywa vidonge viwili, na kuna kingine cha kupunguza maji mwilini. Vyote anameza baada ya isha kwa sababu shangazi ndiye humpa na anatoka kazini jioni. Ah, na hupenda kumeza kile kidonge cha manjano cha mafua, ati kinamletea usingizi.

#6 Fizio wa Pwani

Basi uzi wako umejieleza wenyewe.

Mwili unasimama wima kwa kusaidiwa na watoa habari watatu: macho, sikio la ndani, na nyayo zinazoiambia akili sakafu ikoje. Mmoja akilegea wawili wanabeba. Bibi yako sukari ya miaka 15 huenda imeshazima hisia za nyayo. Mtoto wa jicho umekula nusu ya macho. Kwa hiyo mchana anasimama kwa kuungaunga. Usiku ule umeme ulipokatika, ile nusu ya macho iliyobaki nayo ikaondoka, na ndani ya kandambili ya mtu mwingine unyayo haukuwa na la kusema.

Ukitaka kujua nyayo zake zikoje, mwambie afumbe macho, uguse vidole vyake vya mguu kwa ncha ya kidole chako, polepole, aseme unagusa kipi. Utashangaa vingapi atavikosa.

Dawa. Kidonge cha kupunguza maji kikimezwa usiku kitamwamsha usiku, hakina kosa, kinafanya kazi yake. Ndicho kilichompeleka uani saa nane. Muulizeni daktari kama kinaweza kuhamia asubuhi, msikihamishe wenyewe. Kile cha manjano cha mafua ni cha aina ile ya zamani ya dawa za aleji inayolewesha, na kwa wazee kinachanganya akili na kulegeza hatua. Hicho mngekiacha dukani.

Na presha ipimwe akiwa amelala, kisha apimwe tena akiwa amesimama dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10, huyo ndiye anayeona nyota akiinuka. Wengi hupimwa wamekaa tu, wanaambiwa presha nzuri, halafu wanadondoka wakitoka mlangoni. Mzee wa namna hiyo akiamka akae ukingoni mwa kitanda, achezeshe vifundo vya miguu kama anayekanyaga cherehani, ndipo asimame, na akisimama asubiri kidogo kabla ya kupiga hatua.

@Chumvi ya Tongoni, uzee unapunguza nguvu, sikatai. Lakini mwaka 2007 lilichapishwa jaribio Marekani, katika jarida la madaktari la JAMA. Wazee wazima, wasio wagonjwa, walikubali kulala kitandani siku 10. Miguu yao ikapoteza karibu kilo 1 ya nyama. Siku 10, wazima. Huyu bibi amekaa miezi minne.

#7 Mama Pacha

Samahanini, mie nitasema tofauti. Mama yangu, Duga, alianguka mara mbili, na mimi ndiye niliyemkataza kutembea. Tena nimemkataza kwa ukali. Nyie mnaosema atembee, akivunjika nyonga nani atamuuguza? Mie nauza vitumbua asubuhi, mume yuko Dar, watoto shule. Kheri nimkute kitini kuliko nimkute chini. Msinihukumu.

#8 Jini Mkata Nazi

Mimi naona mmekimbilia hospitali mapema. Mtu anaanguka saa nane usiku uani, palepale, mara anaanguka tena bila sababu. Hapo pana mkono wa mtu. Tafuteni mtu aangalie.

#9 Baharia Mstaafu

@Jini Mkata Nazi, mlango wa uani kwangu naye alikuwapo huyo jini, kaangusha watu watatu. Nikaning'iniza taa ya sola. Tangu hapo hajaonekana. Jini gani anaogopa taa ya sola?

#10 Fizio wa Pwani

@Mama Pacha hakuna anayekuhukumu dada yangu. Hofu yako ndiyo ninayokutana nayo kila nyumba, na mara nyingi mzee mwenyewe anayo kuliko mwanawe. Ila angalia inavyozunguka: kaanguka, kaogopa, kakaa, miguu imelegea, kwa hiyo akiinuka kidogo tu anaanguka kwa urahisi zaidi kuliko mwanzo. Maana kuinuka atainuka tu. Chooni ataenda. Huwezi kumfunga kamba. Kwa hiyo swali si atembee au asitembee, swali ni atembee na miguu ipi.

Fanya hivi leo jioni vitumbua vikiisha. Weka kiti chenye kimo cha kawaida, kiegemee ukutani. Pima mita 3 sakafuni, weka alama ya chaki. Mwambie mama: nitakaposema haya, simama, nenda hadi kwenye chaki kwa mwendo wako wa kawaida, geuka, rudi, kaa. Hesabu kwa simu, na wewe utembee karibu naye. Ikifika sekunde 12 au kuzidi, yumo kwenye hatari. Kipimo hiki kimetumika tangu 1991, na hakina mashine.

Kingine: akiwa kitini, mikono kifuani, asimame na kukaa mara nyingi awezavyo ndani ya sekunde 30. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kimeweka viwango: mwanamke wa miaka 75 hadi 79 akipata chini ya 10, miguu yake iko chini ya wenzake. Mwanamume wa umri huo ni chini ya 11. Akisukuma kwa mikono ili ainuke, andika sifuri.

#11 Mjukuu wa Ngamiani

Bibi siku ile ya kwanza alipata sifuri, ndiyo hiyo niliyoeleza. Mita 3 kwenda na kurudi alichukua sekunde 31. Namkumbuka alivyogeuka kwenye chaki: hatua saba ndogondogo, kama lori linalogeuza kwenye uchochoro.

#12 Baiskeli ya Babu

Wakuu, nina kitendawili na sijawahi kupata wa kunitegulia. Baba yangu, Usagara, miaka 71. Mnajua Tanga yetu, mtu anajua baiskeli kabla ya kusoma. Huyu mzee akitaka kutembea miguu inaganda. Kwenye mlango anasimama kama kabandikwa gundi, anatetemesha magoti, kisha anatoka kwa kasi ya ajabu na mara nyingine anaanguka. Mkono mmoja unatetemeka akiwa ametulia. Lakini mpandishe baiskeli! Anakwenda hadi Chumbageni na kurudi, amenyooka, hata hayumbi. Ndugu wanasema anajidai mgonjwa ili asitumwe.

#13 Fizio wa Pwani

Hajidai. Nimesoma ujumbe wako mara mbili.

Mwaka 2010 madaktari wa Uholanzi, nchi nyingine ya baiskeli, waliandika katika New England Journal of Medicine habari za mgonjwa wao wa miaka 58 mwenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukaza mwili. Akitembea hatua chache anaganda na kuanguka. Wakampa baiskeli, akaendesha vizuri, akakata kona, akarudi. Aliposhuka tu, akaganda tena. Tafsiri mojawapo ni kwamba pedali zinazozunguka zinaupa ubongo mdundo ambao wenyewe umeshindwa kuutoa.

Siwezi kusema baba ana Parkinson kwa kusoma jukwaani. Lakini kutetemeka akiwa ametulia, kuganda mlangoni, hatua fupi zinazoongeza kasi, hayo ni ya daktari, na kuna dawa zinazosaidia. Mwambie daktari na habari ya baiskeli, usiione ya kipuuzi. Kuna magonjwa yanayofanana na Parkinson ambayo mtu hupoteza uwezo wa kuendesha baiskeli mapema, kwa hiyo jibu lako ni habari kwake.

Nyumbani, chora mistari ya chaki sakafuni mbele ya mlango, umbali wa hatua. Mwambie avuke mstari, asifikirie kutembea. Wengine huhesabu moja mbili. Barabarani lakini mpishe na bodaboda, kupanda na kushuka ndiko kutakakomwangusha, si kuendesha.

#14 Baiskeli ya Babu

Nimechora chaki dakika hii. Kavuka. Mama kaanza kulia, na mimi sijielewi. Ahsante sana.

#15 Binti wa Muheza

Naomba kuuliza. Mama yangu nikitembea naye njiani nikimwuliza kitu, anasimama kabisa ndipo anajibu. Halafu tunaendelea. Niliona ni adabu ya kizamani, anataka kunitazama usoni. Ni jambo la kawaida?

#16 Fizio wa Pwani

Huenda ni adabu kweli, ila lipime. Mwaka 1997 watafiti wa Sweden walichapisha kwenye jarida la Lancet kitu hichohicho: wazee waliolazimika kusimama wakianza kuongea, wengi wao walianguka ndani ya miezi 6 iliyofuata. Kutembea kwetu sisi kunajiendesha. Kwao kumekuwa kazi ya kufikiri, na ukiwapa kazi ya pili mojawapo inabidi isimame. Kusimama kwenyewe kunamlinda kwa wakati ule, ila ni dalili kwamba yumo kwenye hatari. Kuanguka kwenyewe huja pale anapojibu bila kusimama na miguu ikachanganyika. Ndiyo habari ya bibi wa mleta uzi, kaitwa na mtoto, kageuka. Mfundisheni mtoto amfuate bibi mbele, asimwite kwa nyuma.

#17 Fundi Kange

Nyie wa dawa mmemaliza, acha na sisi wa saruji tuseme. Nimejenga nyumba nyingi mji huu, na kosa langu mwenyewe nalikiri: vigae. Kila mtu anataka vigae vya kung'aa chooni kwa sababu kaona kwa jirani. Vigae vikilowa na povu la sabuni, hata mimi kijana navishika kwa kucha. Kwa nyumba yenye mzee, piga sakafu ya saruji, na kabla haijakauka ipitishie ufagio wa chelewa iwe na michirizi. Basi. Rahisi kuliko vigae na haitelezi.

Kizingiti: ukiweza kiondoe, ukishindwa kwa sababu ya maji ya mvua, kifanyie mteremko pande zote mbili na ukipake rangi nyeupe. Mzee mwenye macho mabovu haoni kijivu juu ya kijivu.

Na bomba la kushika. Bomba la chuma, lifungwe kwenye ukuta wa tofali kwa boliti, upande wa mkono wake wenye nguvu anapochuchumaa na kuinuka. Lisifungwe kwenye bati wala kwenye mlango. Nimeona mtu kafunga kishikio kwenye mlango wa choo wa mbao, mzee kakishika, mlango ukafunguka naye.

#18 Chumvi ya Tongoni

Hiyo ya mlango imenichekesha halafu imeniuma. Ni kwetu.

#19 Kanzu Nyeupe

Nimesoma hapo juu kwamba bibi aliwekwa kitini kuswali. Naongea kama mwalimu wa madrasa, si tabibu. Ruhusa ipo na haina ubishi: swali umesimama, usipoweza umekaa, usipoweza kwa ubavu. Lakini ruhusa ni ya asiyeweza, na naona siku hizi viti vinajaa misikitini kabla ya magoti kushindwa. Sala tano ni rakaa 17. Kila rakaa ina kuinama, kushuka, kusujudu mara mbili, kuinuka. Toa hesabu ya suna. Mzee aliyeswali hivyo tangu utotoni amekwenda chini na kurudi juu mara ngapi?

#20 Fizio wa Pwani

Sheikh, umesema jambo ambalo sisi hulieleza kwa makaratasi mengi. Uwezo wa kutoka sakafuni hadi kusimama hupotea upesi mtu asipoutumia. Hii habari si ya Waislamu tu, kila aliyelelewa kwenye mkeka anaujua, anayekuna nazi, anayeosha vyombo uani, anayechambua mchele chini.

Kwa anayeweza nusunusu: kiti kiwe mbele au kando yake, si chini yake. Ashuke akikishika na ainuke akikishika. Kwa magoti mabovu sana au aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, aulize kwanza kwa aliyemtibu.

#21 Mama Pacha

Nimempima. Sekunde 19. Kusimama na kukaa mara 5, na mbili za mwisho kashika mikono ya kiti kwa kuiba, nimemwona. Nilipomwambia akaniuliza, "Na wewe?" Nikapima na mie. Sitasema nilipata ngapi.

Mazoezi yenyewe ni yapi?

#22 Fizio wa Pwani

Yaliyochunguzwa sana yalitoka Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, miaka ya 1990, ya kufanyia nyumbani, ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba mara 3 kwa wiki na kutembea kidogo siku nyingine. Yalipunguza kuanguka kwa karibu theluthi moja. Nakuandikia kwa jiko lako.

Ashike ukingo wa meza nzito, si kiti cha plastiki. Anyanyuke kwa vidole vya miguu, visigino juu, ashuke taratibu. Mara 10. Kisha kinyume, vidole juu, abaki kwa visigino. Magoti yakunjwe kidogo kama anataka kukaa, arudi. Anyooshe mguu kando bila kupinda kiuno, mmoja kisha mwingine. Kuinuka kitini ndiko kikubwa: aanze na mito miwili juu ya kiti ili kiwe kirefu, wiki zikipita utoe mmoja mmoja. Mwisho asimame kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, kama anayetembea juu ya kamba, akishikilia kwa mkono mzima, baadaye kwa kidole kimoja, sekunde 10. Wewe uwe ubavuni mwake, si mbele.

Ikiwa rahisi sana, soksi iliyojazwa mchanga wa Raskazone ifungwe juu ya kifundo cha mguu. Mchanga ukauke kwanza.

Akiumwa kifua, akishindwa kupumua, au chumba kikizunguka, aache na aonekane hospitali. Kizunguzungu cha kugeuka kitandani, kile cha dakika moja kisha kinaisha, mara nyingi ni vichembe vya sikio la ndani vilivyohama mahali pake, na kina tiba ya kugeuza kichwa. Msikimezee vidonge mwaka mzima.

#23 Baharia Mstaafu

Na bakora? Mie nina goti la kulia, nashika bakora kulia.

#24 Fizio wa Pwani

Hamisha, mzee wangu. Goti la kulia, bakora kushoto, na viende mbele pamoja. Kimo chake: simama umevaa viatu, mikono ining'inie, kichwa cha bakora kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Chini iwe na mpira, na mpira uliolika ubadilishwe. Ngazini, kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza mbovu.

#25 Baharia Mstaafu

Miaka sita nimeishika upande usio wake na hakuna aliyeniambia. Wajukuu wananiangalia tu!

#26 Mjukuu wa Ngamiani

Narudi baada ya wiki kumi na nne. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa kusema mapema kisha niaibike.

Kidonge cha maji daktari alikubali kihamie asubuhi. Presha alipopimwa amesimama ilishuka 26, dozi ikapunguzwa. Jicho lilifanyiwa upasuaji mwezi uliopita, na kitu cha kwanza alichosema alipofunguliwa ni kwamba kuta zetu chafu. Kizingiti kina mteremko mweupe, kazi ya fundi asiyejua kunyoosha mstari, ila panapitika.

Kulikuwa na vita. Shangazi wa Makorora alikuja akamkuta bibi amekalia mbuzi anakuna nazi, akatuita wauaji. Bibi ndiye aliyemjibu: "Na wewe ulinizika nikiwa kitini." Shangazi hakuongea nasi wiki mbili. Sasa ndiye anayehesabu sekunde.

Mita 3 zile, sekunde 14. Kuinuka kitini mara 8 bila mikono. Bado yumo kwenye hatari, sijidanganyi, Mgandini anakwenda na mtu ubavuni na anarudi kwa bajaji. Anaswali kwa kusimama, kiti kando.

Na wiki iliyopita alianguka. Ndiyo, baada ya yote hayo. Alikuwa anaokota kanga iliyodondoka kamba ya kuanikia. Lakini tulishamfundisha kuinuka, tuliigiza pale ukumbini kama mchezo wa watoto: tulia kwanza ujichunguze, geuka ubavu, egemea kiwiko, nenda magoti na mikono, tambaa hadi kwenye kitu kizito, mguu wenye nguvu mbele, sukuma. Aliinuka peke yake. Alituambia kesho yake wakati wa chai, akiwa anachovya mkate, kama anayesimulia habari za mtu wa mtaa wa pili. Tumemfungia filimbi shingoni kwa siku atakayoshindwa. Watoto wanaiazima.

Usiku wa kuamkia jana nikasikia uani ko, ko, ko. Nilitoka mbio, bila tochi, bila kandambili, nikajikwaa kwenye ndoo nikaenda chini na goti. Paka alikuwa juu ya pipa ananitazama.

Dirisha la bibi likafunguka. "Nani huyo kaanguka?"